Kazi ya Kompositi Uchumi Ukiyumba: Hatua za Kuchukua Kabla na Baada ya Kupunguzwa

Mwongozo huu ni wa mtu anayekula kwa kompositi, yaani vitu vya nyuzi zilizoshikanishwa kwa rezini, kimiminika kinachogeuka kigumu: anayelaza faibaglasi kwenye kalibu, anayekata pripregi (nyuzi zilizokwisha kulowanishwa rezini), anayekesha na pampu za vakyumu, anayekagua laminati (tabaka za nyuzi zilizoshikana) kwa mawimbi ya sauti, na hata kijana anayemaliza chuo akijiuliza kama kuna mlango wa kuingilia. Uchumi ukianza kuyumba, karakanani husikika swali moja: je, sekta hii itastahimili? Swali hilo halijibiki, kwa sababu nyuzi na rezini zetu huishia kwa wateja wasiofanana hata kidogo, na wateja hao hawaanguki kwa pamoja. Mwenye boti, shirika la ndege, mamlaka ya maji na wizara ya ulinzi, kila mmoja ana msimu wake wa kukaza mkanda. Ustadi wa mikono yako unabaki uleule popote uendapo. Hatua zote zifuatazo zinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Jua mshahara wako unatoka soko gani

Kiwanda kinachotengeneza vipande tu kinaweza kukuficha ukweli. Unaweza kulaza paneli bapa kwa miaka bila kujua kama zinakwenda kwenye treni, basi au lori la baridi. Muulize mtu wa mauzo, au yule anayepanga uzalishaji. Ukishajua, chunguza soko hilo huanguka kwa sababu gani, maana sababu ndiyo inayokuambia una muda kiasi gani.

Boti ya starehe ni kitu cha kwanza kuahirishwa. Mnunuzi hutegemea mkopo, na benki zikibana, soko hukauka ndani ya miezi michache. Marekani imeyaona haya waziwazi. Mwaka 1991 ilianza kutozwa kodi ya anasa ya asilimia 10 kwenye sehemu ya bei ya boti iliyozidi dola 100,000, wakati uchumi tayari umedorora. Wajenzi wa boti wakapunguza watu kwa wingi, na kodi hiyo ikafutwa 1993. Ukaja mgogoro wa fedha wa 2008. Genmar Holdings, kampuni iliyomiliki majina kama Wellcraft, Four Winns na Glastron, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake Juni 2009. Lakini janga la korona la 2020 lilileta kinyume chake: watu waliokosa pa kusafiri walikimbilia boti na magari ya kupigia kambi, na viwanda vikahangaika kutafuta mafundi. Kwa hiyo usiuchukulie mdororo uliopita kuwa ndio ramani ya huu wa sasa.

Ndege za abiria zina mwendo mwingine. Karibu nusu ya uzito wa Boeing 787 ni kompositi, na kwa Airbus A350 ni asilimia 53, hivyo kila ndege inayojengwa ni kazi nyingi kwetu. Oda zake huwekwa miaka mingi kabla: mwishoni mwa 2024 Airbus ilikuwa na zaidi ya ndege 8,000 zilizoagizwa na bado hazijakabidhiwa. Foleni ndefu hivyo hukinga viwanda katika mdororo wa kawaida. Mwaka 2020 haikukinga. Mashirika yaliegesha ndege, Airbus ikapunguza uzalishaji kwa takriban theluthi moja Aprili mwaka huo, na 787, iliyokuwa ikitoka 14 kwa mwezi mwaka 2019, ikashuka hadi 5.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalioni mpaka liwakute. Mteja mkubwa akipunguza uzalishaji kwa theluthi, oda za mgavi mdogo hazipungui kwa theluthi. Mteja huanza kwa kula akiba aliyonayo stoo, na kwa miezi kadhaa anaweza asiagize chochote. Ndiyo maana karakana yenye watu 40 inayotengeneza mabano ya ndani ya ndege inaweza kufunga milango wakati gazeti linaandika kwamba uzalishaji umeshuka "kidogo". Kadiri unavyokaa mbali na bidhaa ya mwisho, ndivyo tetemeko linavyokufikia likiwa kubwa zaidi.

Nishati ya upepo hutegemea riba na sera za serikali kuliko mfuko wa mnunuzi wa kawaida. Mwaka 2019 huko Cherbourg, Ufaransa, kiwanda cha LM Wind Power kilitoa panga la turbini lenye urefu wa mita 107, na ilionekana kama kazi haitaisha. Agosti 2025, TPI Composites, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa mapanga hayo duniani, aliomba kinga ya mahakama nchini Marekani. Turbini zilikuwa bado zinasimikwa. Soko kukua ni jambo moja, mwajiri wako kupata faida ndani yake ni jambo jingine.

Halafu kuna masoko ya kimya, yasiyopigiwa picha kwenye maonyesho: matangi na mabomba ya kemikali, vyombo vya kusafishia maji, vikanyagio na reli za ngazi zinazovutwa kwa mashine ya paltrusheni, mitungi ya gesi inayozungushiwa nyuzi, vifaa vya umeme. Tangi la asidi likianza kuvuja, mwenye kiwanda hasubiri uchumi upone. Kama ningekuwa na kijana anayeanza leo katika hali mbaya, ningemwelekeza huko kwanza, hata kama marafiki zake watamcheka kwamba anatengeneza mapipa wakati wao wanaota mabawa ya ndege.

Hatua ya 2: Soma dalili kabla ya tangazo

Barua ya kupunguzwa huja mwisho. Kabla yake, kiwanda husema kwa njia nyingine. Jokofu la pripregi, ambalo kawaida hujaa mpaka mlangoni kwa nyuzijoto 18 chini ya sifuri, huanza kuonyesha rafu tupu. Rezini iliyokuwa ikija kwa matangi makubwa inaanza kuja kwa mapipa. Kalibu mpya iliyokuwa nusu inafunikwa turubai. Saa za ziada zinakatwa, vibarua wa wakala wanaondoka bila kuagwa, na bidhaa zilizokamilika zinapangwa uani kwa sababu mteja ameomba "zikae kidogo".

Dalili moja pekee haina maana kubwa. Tatu kwa pamoja zina maana. Iliyo mbaya kuliko zote ni msambazaji anayeanza kudai alipwe kabla hajashusha mzigo, kwa sababu yeye ameshaona hesabu ambazo wewe hujaonyeshwa.

Hatua ya 3: Jiandike upya kwa mchakato, uache bidhaa

Hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote, na haigharimu chochote isipokuwa jioni kadhaa za kukaa na kuandika.

Fundi aliyefanya kazi miaka sita kwenye mapanga ya upepo huandika kwenye wasifu wake: "Mtengenezaji wa mapanga ya turbini." Msimamizi wa kiwanda cha boti akisoma hivyo anaona mtu wa kazi nyingine. Lakini fundi huyo amekuwa akifanya infyusheni ya vakyumu, yaani kuvuta rezini ipenye nyuzi kavu ndani ya mfuko, kila siku, na infyusheni ni ileile kwenye gamba la boti, paneli ya treni au sitaha ya daraja la waenda kwa miguu. Anachopaswa kuandika ni kazi yenyewe: amelaza nyuzi kavu za kioo na kiini cha balsa au povu, amepanga mirija ya kupitishia rezini, amefunga mfuko, amepima uvujaji, amechanganya epoksi kwa uwiano wa uzito, amesimamia joto la ukaukaji, na amekarabati sehemu ambazo rezini haikufika.

Nenda ndani zaidi, maana hapo ndipo anayejua hutofautiana na anayesimulia. Chukua jaribio la uvujaji. Mfuko ukishafungwa unavutwa mpaka vakyumu kamili, valvu inafungwa, pampu inatengwa, na geji inaangaliwa kwa dakika ambazo kiwanda kimeweka. Sindano ikirudi kupita kikomo, mfuko unavuja. Mgeni ataanza kubonyeza tepu ya kuzibia pande zote bila mpango. Mzoefu anazima kelele, anasikiliza, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye mikunjo ya mfuko, kwenye kona, na pale mirija inapoingia, kwa sababu ndiko uvujaji hukaa. Anajua pia kwamba kuna uvujaji usio wa mfuko kabisa: kalibu yenyewe ikiwa na ufa wa unywele, utabadilisha mifuko mpaka uchoke. Ukiweza kuandika mistari mitatu ya namna hiyo, na kuirudia kwa mdomo mbele ya msimamizi, umeshawapita waombaji wengi wenye karatasi nzuri kuliko zako.

Fanya hivyo kwa kila mchakato ulioushika: kulaza kwa mkono, kupuliza kwa bunduki, RTM (kusukuma rezini ndani ya kalibu iliyofungwa), otoklevu (tanuri la shinikizo), kuzungusha nyuzi, kukandamiza kwa presi. Taja rezini ulizozifanyia kazi, iwe ni poliesta, vinili esta au epoksi, kwa sababu kila moja ina tabia zake. Taja vipimo: urefu wa kipande kikubwa kuliko vyote, unene, uwiano wa nyuzi kwa rezini. Laminati ya kulazwa kwa mkono kwa mati huwa na nyuzi kati ya asilimia 30 na 40 ya uzito, na ya infyusheni hufika 60 hadi 70. Mtu anayetaja namba hizi bila kubabaika anaonekana amezipima mwenyewe.

Usichukue picha za kazi za mteja kuzipeleka kwingine, hasa za ulinzi na ndege. Mikataba mingi inakataza, na mwajiri mpya akiona umefanya hivyo kwa mwenzake atajua utamfanyia yeye pia. Tengeneza kipande chako mwenyewe cha mfano, ukikate, ulainishe ukingo, na uende nacho mfukoni. Ukingo uliokatwa husema kila kitu: kama kuna mapovu, kama tabaka zimenyooka, kama kiini kimeshikana na ngozi.

Hatua ya 4: Sogea upande wa ukarabati na ukaguzi

Fedha zikipungua, watu huacha kununua vipya na kuanza kutunza vya zamani. Mwenye boti anaamua kuziba malengelenge ya osimosisi, yanayoletwa na maji kupenya kwenye gamba, badala ya kuibadilisha. Mmiliki wa shamba la upepo hawezi kuacha turbini isimame kwa sababu radi imepasua ncha ya panga. Shirika la ndege linalochelewesha ndege mpya hurusha ya zamani miaka zaidi, na ya zamani inahitaji mikono. Kwa maoni yangu ukarabati ndio kimbilio bora kuliko yote, na bado mafundi wengi wa uzalishaji huudharau kama kazi ya viraka.

Kiraka hicho kina hesabu yake. Kingo za sehemu iliyoharibika husagwa kwa mteremko ili tabaka mpya zishikane na za zamani taratibu, nguvu ipite bila kukutana na ukuta. Kwenye boti mteremko wa 12 kwa 1 ni wa kawaida: laminati ya milimita 6 inahitaji kusagwa milimita 72 kila upande wa tundu. Kwenye ndege mteremko huwa mrefu zaidi, mara nyingi kati ya 20 kwa 1 na 50 kwa 1, na hauamuliwi na fundi, unaamuliwa na kitabu cha ukarabati cha mtengenezaji. Mara ya kwanza unaposaga tundu la ukubwa wa sarafu na kuona limegeuka kidonda kipana kama sinia, unapata woga. Jifunze kwenye vipande vilivyokataliwa kiwandani. Omba ruhusa uvikate, uvivunje, uvitengeneze, halafu uvipeleke vikapimwe.

Ukaguzi usioharibu bidhaa ni mlango wa pili. Kugonga kwa sarafu au nyundo ndogo na kusikiliza sauti inayofifia ni njia ya zamani na bado inatumika. Juu yake kuna mawimbi ya sauti na kamera za joto. Mfumo wa ngazi za I, II na III unakudai mafunzo, mtihani na saa za kazi zilizoandikwa. Kwa anga, viwango vinavyotajwa ni EN 4179 na NAS 410. Sehemu ngumu ni saa, maana huwezi kuzinunua darasani. Anza kuzikusanya sasa ukiwa bado una mwajiri: omba usimame na mkaguzi zamu moja kwa wiki, na kila saa isainiwe. Daftari hilo ni mali yako kuliko hata barua ya ajira.

Kwa mapanga ya upepo, GWO, shirika la sekta ya upepo, lina kiwango cha mafunzo ya ukarabati wa mapanga, na wengi wanaopanda kwa kamba huwa na cheti cha IRATA. Kazi hiyo ina msimu, hutegemea hali ya hewa, na hukuweka mbali na nyumbani kwa wiki nyingi. Hulipa. Ila aulizwe na wa nyumbani pia kabla ya kulipia kozi.

Hatua ya 5: Vyeti, kwa kiasi

Chama cha watengenezaji wa kompositi cha Marekani, ACMA, hutoa cheti cha CCT kwa mafundi wa kompositi, na kwingineko vyuo vya ufundi vina vyao. Kabla ya kulipa, fungua matangazo kumi ya kazi unayoitaka uhesabu mangapi yanataja cheti hicho. Kama ni moja, acha. Kama mwajiri wako wa sasa yuko tayari kulipia, chukua chochote anachotoa, lakini soma kama kuna kipengele cha kurudisha gharama ukiondoka, na kama kinakuhusu hata wakikupunguza wao.

Hatua ya 6: Kama bado uko ndani, punguza hasara

Wakati wa neema kipande kilichoharibika hutupwa na kusahaulika. Wakati wa dhiki meneja anahesabu kila kimoja. Pripregi ina muda wake wa kukaa nje ya jokofu. Roli likipita muda huo ni takataka ghali. Anayeandika saa ya kutoa na ya kurudisha, anayetumia la zamani kabla ya jipya, anayepanga vipande ili mabaki yapungue, huyo anajulikana hata kama hasemi. Jifunze pia kituo cha jirani yako. Zamu mbili zikiunganishwa kuwa moja, anayebaki ni mwenye uwezo wa kusimama sehemu tatu.

Hatua ya 7: Usiuze afya yako kwa hofu ya kufukuzwa

Kubana matumizi mara nyingi huanzia kwenye glavu na vichungi vya barakoa. Hapo usikubali. Epoksi na vigumishi vyake vinaweza kuuzoesha mwili mzio, na mzio huo ukishaingia hautoki: baada ya hapo hata mabaki kidogo mkononi huleta upele na uvimbe. Fundi aliyefika hapo hawezi tena kugusa mchakato wowote wa epoksi, yaani amefungiwa ndege, sehemu kubwa ya upepo na ukarabati wa hali ya juu kwa mpigo mmoja. Usinawe rezini kwa asetoni. Inaondoa mafuta ya ngozi na kuifungulia njia.

Kwa upande wa poliesta na vinili esta, mvuke wa stairini uliwekwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2018 kwenye kundi 2A, la vitu ambavyo pengine husababisha saratani kwa binadamu. Kigumishi cha MEKP kikiruka jichoni kinaweza kupofusha, na kikichanganywa moja kwa moja na kichochezi cha kobalti kinaweza kulipuka. Haya hayabadiliki kwa sababu mauzo yameshuka. Watu wachache wanaofanya kazi ya wengi ndio wanaoruka hatua, kwa hiyo ajali huongezeka wakati ambao hakuna wa kukushika mkono.

Hatua ya 8: Barua ikija

Kabla ya kutoka getini, chukua nakala za vyeti vyote vya mafunzo ya ndani, daftari la saa za ukaguzi likiwa limesainiwa, na barua inayotaja michakato uliyofanya, kwa majina yake. "Alikuwa mfanyakazi mwaminifu" ni maneno mazuri yasiyosaidia kitu. Mwombe msimamizi wa zamu aiandike, kwa kuwa yeye anakujua. Idara ya rasilimali watu itaweka mhuri. Fanya hivi wiki hiyohiyo. Kiwanda kikifungwa kabisa, baada ya miezi mitatu hakuna wa kukupa karatasi yoyote.

Wengi hufikiria kufungua karakana yao ya ukarabati kwa fedha za kuachishwa. Inawezekana, ila tambua rezini na vigumishi vina tarehe ya mwisho, hivyo mtaji uliowekwa stoo unaoza. Nunua kwa kazi iliyopo, omba malipo ya awali, na usiguse sehemu ya ndege au chombo cha gesi yenye shinikizo bila kibali kinachotakiwa, hata mteja akikubembeleza.

Ukipata usaili, nawe uliza. Mteja mkubwa kuliko wote anachukua asilimia ngapi ya kazi zenu? Oda zilizopo zinafika mwezi gani? Mwaka jana mlipunguza watu, na wangapi mmewarudisha? Anayejibu kwa namba, hata zisizopendeza, ni bora kuliko anayejibu kwa tabasamu. Mshahara ukiwa chini ya ule wa zamani, pima unapata mchakato gani usiokuwa nao. Kushuka daraja kutoka kiongozi wa zamu ya kulaza kwa mkono hadi msaidizi wa otoklevu kunaweza kukubalika, mradi mkataba uandike tarehe ya kupitia upya malipo, na mtu mwenye jina na cheo awe amekubali kukufundisha.